Mpelelezi aliyeuliza habari za matanga

Jumanne, Desemba 9. Ukungu umelala juu ya mashamba ya mizeituni ya Ain Kharub, mji mdogo wa Tunisia, na mvua nyepesi iliyoanza jana jioni bado inadondoka kwenye mabati ya kinu cha mafuta. Baridi ni ya kuvaa soksi mbili.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mpelelezi Wasila Mejri anabisha hodi kwenye mlango wa Mbarka Ghozlani. Mlango uko wazi. Bibi huyo wa miaka sabini na mmoja ameshavaa shuka lake jeupe, ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Umekula, shangazi?"

"Nimekula hofu."

"Hiyo haishibishi. Nimekuletea lablabi, ina yai."

Mbarka anaangalia bakuli la supu ya dengu. "Ndiyo rushwa yenyewe hiyo?"

"Wakili akiuliza, sema yai lilikuwa bichi."

Bibi anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. Anakula vijiko vitatu, anafuta mdomo na kusema Alhamdulillahi.

Mbarka ameosha maiti wa kike wa mji huu kwa miaka arobaini na mitatu. Leo ameitwa kuwa shahidi mahakamani, makao makuu ya mkoa, mwendo wa saa moja kwa gari. Mshitakiwa ni Kilani Ben Frej, miaka arobaini na minne, muuza gesi, anayetuhumiwa kuwaua wajane wanne katika majira mawili ya baridi.

Wasila ndiye aliyemhoji. Hakukuwa na alama ya kidole, wala dhahabu iliyopatikana, wala jirani aliyeona. Kilichopo ni maneno aliyoyatamka Kilani mwenyewe mbele ya Wasila, na bibi huyu anayeweza kuieleza mahakama kama yupo mtu mwingine aliyeweza kumpa maneno hayo. Mbarka akinyamaza leo, huenda Kilani akarudi nyumbani.

*

Wasila ana miaka hamsini na mmoja. Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Yeye alijiunga na polisi mwaka 1998 kama mpiga chapa. Kwa miaka tisa alikaa pembeni ya chumba, akiandika wenzake walichouliza na walichojibiwa.

"Nilikuwa naandika majibu, nikidhani majibu ndiyo mabaya," anasema. "Baadaye nikaona maswali ndiyo mabaya. Mtu anaulizwa, 'Ulimuua saa ngapi?' Hapo unategemea akujibu nini?"

Alirudi shuleni jioni akiwa na miaka thelathini na nne, akakaa dawati moja na vijana waliomwita mama. Alipopandishwa kuwa mpelelezi, alibadilisha vitu viwili katika chumba cha mahojiano. Viti vyote viwili viwe na urefu mmoja. Meza isukumwe ukutani, isikae katikati.

Wenzake walimtania. Mmoja alichungulia mlangoni siku moja akamkuta anammiminia mwizi chai. "Wasila, unamhoji au unamchumbia?"

"Wewe ulichumbia kwa makofi," alimjibu, "ndiyo maana umelala nje."

Mume wake, Nasri, dereva wa treni, alifariki miaka sita iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Anaishi peke yake, na mtungi wa gesi wa jikoni kwake aliletewa na Kilani, kama wajane wote wa Ain Kharub.

"Nilikuwa namwachia mlango wazi," anasema. "Nilikuwa namwekea machungwa juu ya meza."

*

Wajane hao ni Mahbuba, Dalanda, Shelbia na Zohra. Kila mmoja alikutwa amefariki kitandani asubuhi ya baridi kali, mlango haukuvunjwa. Kila mara watu walisema jambo moja: hita. Kila mwaka hita za gesi huua watu waliofunga madirisha, na mzee akifa hakuna anayeuliza mara mbili. Maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa kabla ya jua kuzama. Hiyo ndiyo heshima ya maiti.

Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyouzika ushahidi.

Mwezi Januari mwaka huu, binti wa Zohra alifika kutoka Sfax akiwa amechelewa mazishi. Alitafuta bangili mbili za mama yake, hakuziona. Akaenda polisi. Jirani alikumbuka kwamba Kilani alikuwa amebadilisha mtungi siku ile. Mwingine akakumbuka kwamba hata kwa Dalanda alikuwa amepita. Kaburi la Zohra lilifukuliwa kwa amri ya mahakama, lakini ardhi ilikuwa chepechepe na wiki tano zilikuwa zimepita. Daktari aliandika kwamba sababu ya kifo haikujulikana.

Kilani alikamatwa. Sheria iliwapa polisi saa arobaini na nane, na nyongeza moja ya saa arobaini na nane nyingine. Zikiisha bila kitu, mlango unafunguliwa. Wakili wake alikaa naye tangu swali la kwanza.

Siku mbili za kwanza Kilani alijibu kila kitu kwa utulivu. Alikuwa anaijua kila nyumba, kila hita, kila mjane na dawa zake.

"Dada Wasila, mimi nawabebea mitungi hawa akina mama mpaka jikoni. Watoto wao wako Tunis, wako Ufaransa. Nani mwingine anawabebea? Wewe mwenyewe mjane, nani anakubebea?"

"Wewe," Wasila alimjibu.

"Basi."

Wasila anasema usiku ule hakuweza kuwasha jiko. Alikula mkate na zeituni, akasali rakaa mbili, akamwomba Mungu amwonyeshe mlango ambao yule mtu alisahau kuufunga.

Asubuhi aliacha kabisa kuuliza habari za siku walizokufa. Aliuliza habari za matanga.

Kila mtu Ain Kharub anajua kwamba Kilani hakosi msibani. Ndiye huleta viti kwa bajaji yake ya mizigo, ndiye hufunga turubai, ndiye hugawa sahani za kuskusi. Hapo hakuwa na la kujihami. Alikuwa na sifa za kujisifia.

Wasila alimuuliza msiba wa Mahbuba ulikuwa na viti vingapi. Akamuuliza kwa Dalanda nani alipika. Kilani alilegea, akaegemea kiti, akaanza kusimulia na mikono. Wakili akatoa simu yake, akawa anasoma.

Wakafika kwa Shelbia.

"Siku ile nani alikuwa na kazi ngumu kuliko wote?" Wasila aliuliza.

"Mbarka," Kilani alisema bila kufikiri. "Sisi tulibeba viti tu. Yeye ndiye alihangaika na lile sikio lililochanika. Kulijaza pamba likae vizuri, si mchezo."

Wasila hakuinua kichwa. Aliandika sentensi ile kama alivyoandika nyingine. Kisha akauliza, "Na viti, vilirudi vyote?"

"Kimoja kilivunjika mguu," alisema Kilani.

Waliendelea na habari za viti kwa dakika kumi.

Alipotoka, Wasila alilifungua jalada la kesi na kulisoma lote, kurasa sitini na mbili. Neno sikio halikuwemo. Watoto wa Shelbia hawakulitaja. Hawakuweza kulijua, kwa sababu wao walimbusu mama yao kwenye paji la uso, kichwa kikiwa kimeshafungwa sanda. Mwanamume asiye wa familia haoni hata hicho. Hubeba jeneza lililofunikwa.

Chumba cha kuoshea huwa na wanawake tu, na siku ile Mbarka aliosha peke yake na mlango amefunga, maana msaidizi wake alikuwa na homa.

"Niliingia msalani, nikafungua bomba ili wasinisikie," Wasila anasimulia. "Nikasema, Ya Rabi, hapa usiniache nikosee."

Zilikuwa zimebaki saa thelathini na tano.

*

Mwosha maiti ana amana yake, na Mbarka aliipokea kutoka kwa mama yake: unachokiona unakifunika. Jeraha, ulemavu, uso uliobadilika, vyote vinabaki kati yako, maiti na Mungu.

Wasila alisimama mlangoni kwake saa sita mchana.

"Shangazi, sikuulizi ulichokiona kwa Shelbia. Nakuuliza kitu kimoja. Ulimwambia nani?"

"Lini ulinisikia nikisema ya maiti?"

"Sijawahi."

"Basi umeshajibiwa."

"Jibu la mlangoni halimfikii jaji."

"Hata Mungu sikumwambia," alisema Mbarka, "maana anajua. Itakuwa jaji?" Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Wasila hakubisha tena. Alikaa kwenye gari mwisho wa kichochoro. Angeweza kumwita kwa barua rasmi, lakini alijua kwamba bibi yule angekuja, angeketi, na angenyamaza mpaka saa ziishe.

Alasiri Mbarka alitoka, akapita kando ya gari bila kumtazama, akaenda kwa Sheikh Larusi, imamu wa msikiti wa soko la zeituni. Sheikh mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Aliniuliza sitara ya maiti ina mwisho wapi. Nikamwambia, wewe umepewa shuka la kumfunika maiti. Kama pembeni yake amelala aliyemuua, angalia usije ukawafunika wote wawili."

Kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki saa kumi na moja, Mbarka alifika kituoni kwa miguu.

Alisema kwamba sikio la kushoto la Shelbia lilikuwa limechanika mpaka chini, na halikuwa na damu. Alidhani ndugu fulani alivuta hereni kwa haraka. Alisema kwamba kwa Mahbuba na Dalanda aliona midomo imechubuka kwa ndani, kama iliyokandamizwa. Hapo aliomba maji.

"Nilidhani ni hita," alisema. "Kila mtu alisema hita. Ningefungua mdomo kwa Mahbuba, watatu wangekuwa wanakunywa chai leo."

Wasila aliweka kalamu chini. "Mimi nilikula kuskusi ya matanga ya Dalanda. Kilani ndiye aliyenipa sahani, nikamwambia Mungu akulipe. Tuko wawili, shangazi."

Mchana huo maelezo yale yalisomwa mbele ya Kilani na wakili wake. Wakili alimshika mteja wake mkono, akamwambia asijibu. Kilani alitii. 

Wasila alisema, kama mtu anayefunga daftari, "Sawa. Basi nitaandika kama mji unavyosema. Mitungi yako ilivuja, ikawaua."

Kilani aliinua uso. "Mitungi yangu haijawahi kuvuja. Miaka kumi na minane. Muulize yeyote."

"Watu wanne, Kilani. Wote gesi yako."

"Haikuwa gesi."

"Ilikuwa nini?"

Wasila anasema zilipita dakika kumi na saba. Alizihesabu kwenye saa ya ukutani. Wakili alisema mara mbili, "Nyamaza." Kisha Kilani akasema, "Mimi," na akaomba sigara.

Alikiri kuwaua watatu. Kifo cha Mahbuba hajakikiri mpaka leo.

*

Wiki tatu baadaye, mbele ya hakimu mchunguzi, alikana yote. Alisema alichoshwa akili. Kuhusu sikio, alisema alisikia kwa wanawake: Mbarka alisema hamamuni, kwenye bafu la umma, wanawake wakasambaza.

Kwa hiyo kesi nzima ikaja kukaa juu ya ulimi wa bibi mmoja, na bibi huyo akaanza kuulipia.

Habari kwamba amesema ya maiti ilienea kabla ya maandishi yake kukauka. Kwa karibu miezi kumi hakuna nyumba iliyomwita kuosha. Saluha, mwanamke ambaye Mbarka alimfundisha kazi hiyo tangu akiwa msichana, alisema hamamuni mbele ya wote: "Aliyefunua maiti, naye asioshwe. Mimi simgusi." Mbarka hana binti wala dada aliye hai. Alisikia maneno yale akiwa na sabuni kichwani.

"Sikuogopa kufa," aliniambia. "Kila siku namgusa kifo, tunajuana. Nilichoogopa ni kulala pale juu ya ubao, na watu wanatazamana nani aanze."

Leo, Wasila na Mbarka wanashuka garini na kuingia kwenye ukumbi wa kusubiria wa mahakama. Watu wa Ain Kharub wamejaa kwenye mabenchi. Saluha yupo. Muldi, mtoto mkubwa wa Shelbia, anasimama mbele ya Mbarka. Ni fundi wa matofali, mikono mikubwa.

"Mama yangu alifunikwa," anasema. "Leo unamfunua mbele ya wanaume."

 Mbarka anamgeukia Wasila na kusema kwa sauti ndogo, "Nirudishe nyumbani. Wewe utapata cheo. Mimi, nani ataniosha?"

Wasila anatupa jicho pembeni. Wakili wa utetezi yuko hatua nne kutoka hapo.

"Nilikuwa na jibu," anasema baadaye. "Lakini ningelimpa pale, angekuwa shahidi niliyemnunua. Niliogopa atanichukia, na niliogopa zaidi Kilani atatoka. Nikamsogezea kiti tu."

Mbarka haketi. Karani anaita jina lake. Anaita tena. Bibi anatazama mlango wa mahakama, anatazama mlango wa barabarani ambako mvua inaendelea. Kisha anasema Bismillahi na kuingia, akiburuta shuka lake kwenye sakafu yenye maji.

Anazungumza kwa dakika arobaini. Wakili anamuuliza mara tatu kama alimwambia mtu yeyote habari za sikio.

"Mwanangu," anamwambia mara ya tatu, "nimemwosha mama yako mzazi. Umewahi kusikia alikuwa na nini mwilini?"

Wakili anakaa chini.

Jaji anamuuliza mshitakiwa kama ana swali kwa shahidi. Kilani, ambaye asubuhi nzima alikuwa amekaa wima, ameinamisha kichwa. Anasema hana.

Hukumu inasomwa saa kumi alasiri. Kwa vifo vya Dalanda, Shelbia na Zohra, kifungo cha maisha. Kwa kifo cha Mahbuba, mahakama inasema ushahidi haukutosha. Wasila anafumba macho kwa hilo, midomo yake inacheza. Ni dua.

*

Uani, watu wanasubiri mvua ipungue. Mbarka amekaa kwenye ngazi ya saruji, na pande zake zote mbili ni tupu. Muldi anakuja tena. Safari hii anachuchumaa.

"Ulimfunga sanda vizuri?"

"Kama mwanangu wa kumzaa."

Muldi anaitikia kwa kichwa, anasimama, anahamia nyuma yake na kumkinga mvua kwa mgongo wake.

Mbarka anainua sauti. "Nimesema, na mmesikia. Haya, ni zamu yenu kusema. Siku yangu ikifika, nani ataniosha?"

Wanawake wanatazamana. Saluha anaangalia viatu vyake. Wasila anamgeukia wakili wa utetezi, anayefungua mwavuli.

"Wakili, una lingine na shahidi huyu?"

"Leo sina," anasema wakili. "Mwacheni bibi apumzike."

"Basi ni mimi," Wasila anamwambia Mbarka. "Nitakuosha mimi."

Bibi anaishika mikono yake, anaigeuza kama mtu anayekagua mboga sokoni. "Mikono ya kalamu hii? Hujui hata maji yanaanzia upande gani."

"Kulia."

"Na baadaye?"

"Utanifundisha. Ijumaa hii nakuja, na Ijumaa zote zinazofuata. Nimebakiza miaka minne nistaafu, nilikuwa sijui nitafanya kazi gani."

Wanawake wawili wanacheka. Mbarka hacheki.

"Sema kwa sauti. Ahadi ya sikioni haina shahidi."

Wasila anasimama kwenye ngazi ya juu. Anatazama watu wa Ain Kharub, Muldi, Saluha, wakili chini ya mwavuli wake, na askari wawili mlangoni.

"Mimi, Wasila binti Tahar Mejri, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Mbarka akitangulia kabla yangu, nitamwosha kwa mikono yangu hii miwili. Kila ambacho Mungu amekiweka juu ya mwili wake nitakifunika mpaka nami nifunikwe. Na kwake, na kwa kila mwanamke nitakayemwosha, nikiona alama ya mkono wa muuaji, nitasema siku hiyo hiyo."